Vita vya Intel na AMD: Mnunuzi amefaidi, mwekezaji je?

WAHENGA walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika biashara ya chipu za kompyuta msemo huo umegeuka. Fahali wawili wa Marekani, Intel na AMD, wamepigana kwa zaidi ya miaka 40, na nyasi, yaani sisi wanunuzi wa kompyuta, zimestawi. Walioumia mara kwa mara ni wale waliopanda mgongoni mwa fahali mmojawapo, wakiamini kuwa huyo ndiye hataanguka.

Pengine utajiuliza, ndugu msomaji, mkulima wa mahindi au mwenye duka la pembejeo anahusika vipi na ugomvi wa kampuni za California? Anahusika, kwa sababu hisa sasa zinanunuliwa hata na watu wa kipato cha kawaida katika masoko ya Dar es Salaam na Nairobi. Na hata asiyenunua hisa hukutana na swali lile lile kila msimu: je, kinachofanya vizuri leo ndicho cha kutia fedha zangu?

Chipu ni kipande kidogo cha silikoni chenye mamilioni, na siku hizi mabilioni, ya swichi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Ndiyo ubongo wa kompyuta. Intel ilianzishwa mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. AMD ilianzishwa mwaka uliofuata na Jerry Sanders na wenzake. Waanzilishi hao wote walitoka kampuni moja, Fairchild Semiconductor.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani, ilichagua chipu ya Intel. Lakini IBM haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja, kama vile mwenye hoteli asivyotaka kununua nyama kwenye bucha moja tu. Hivyo mwaka 1982 Intel ilikubaliana na AMD ili nayo itengeneze chipu za aina hiyo. Makubaliano hayo yalizaa ugomvi na kesi zilizodumu hadi mwaka 1995, na kuanzia hapo kila mmoja akashika njia yake.

Mashine mbili katika kijiji kimoja

Ili kuelewa kwa nini ushindani huu huumiza wenye hisa, tuchukue mfano wa mashine ya kusaga nafaka. Mwenye mashine hutumia fedha nyingi kununua mtambo na kujenga banda. Baada ya hapo, kusaga debe moja zaidi kunamgharimu dizeli kidogo tu. Akiwa peke yake kijijini, hupanga bei na kula faida.

Siku jirani akileta mashine ya pili, kila mmoja anaona afadhali asage kwa bei ndogo kuliko mtambo ulale. Bei inashuka, akina mama wenye madebe wanashangilia. Mwenye mashine aliyenunua kwa fedha zake atapumua. Aliyenunua kwa mkopo ndiye atakayekosa usingizi.

Kiwanda cha chipu ni mashine hiyo hiyo, ila kinagharimu mabilioni ya dola, na kila baada ya miaka michache lazima kifungwe mitambo mipya la sivyo kinapitwa na wakati. Hivyo basi, mshindani akitoa chipu bora, faida ya mwenzake huyeyuka haraka kuliko katika biashara nyingi tunazozijua.

AMD yapanda, kisha yaporomoka

Mwaka 2003 AMD ilitoa chipu za Opteron na Athlon 64, zilizoweza kushughulikia kumbukumbu kubwa zaidi huku zikiendesha programu za zamani bila shida. Zilipendwa kiasi kwamba mwaka 2004 Intel yenyewe ilifuata mtindo huo wa mpinzani wake. Wawekezaji wakakimbilia hisa za AMD, na mwanzoni mwa mwaka 2006 hisa moja ilifika zaidi ya dola 40.

Julai 2006 mambo mawili yalitokea ndani ya wiki moja. AMD ilitangaza kuinunua ATI, kampuni ya Kanada ya chipu za picha, kwa dola bilioni 5.4, na dola bilioni 2.5 kati ya hizo zikiwa za mkopo. Siku chache baadaye Intel ikazindua Core 2 Duo, chipu iliyoipita ya AMD, na wakati huo huo ikashusha bei za chipu zake za zamani.

AMD ikajikuta katika hali ya yule mwenye mashine ya mkopo. Mwaka 2007 ilipata hasara ya dola bilioni 3.4, na mwaka 2008 hasara nyingine ya zaidi ya dola bilioni 3. Mwishoni mwa mwaka 2008 hisa yake iliuzwa chini ya dola 2. Aliyeweka dola 1,000 wakati hisa ikiwa dola 40 alipata hisa 25. Chini ya miaka mitatu baadaye hisa hizo hazikufika dola 50.

Ieleweke kuwa wateja hawakuumia. Mwaka huo huo AMD ikilia, mnunuzi wa kompyuta alipata mashine yenye nguvu zaidi kwa bei nafuu zaidi.

AMD ilikuwa na malalamiko yake. Mwaka 2005 iliishtaki Intel ikidai kuwa inawapa watengenezaji wa kompyuta punguzo na malipo ili wasinunue chipu za AMD. Mwenye duka anaifahamu mbinu inayodaiwa: unapewa friji ya soda kwa sharti la kutoweka soda ya mwingine. Intel ilikana. Novemba 2009 ililipa AMD dola bilioni 1.25 na kesi ikamalizwa. Mwaka huo pia Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06, lakini mahakama iliifuta mwaka 2022 na mahakama ya juu ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2024. Mwekezaji aliyetegemea mahakama imwokoe alisubiri muda mrefu kuliko mti wa mwembe.

Aliyekuwa chini akawa juu

Mwaka 2009 AMD iliviachia viwanda vyake kwa kampuni mpya, Globalfoundries, kwa mtaji kutoka Abu Dhabi. Yenyewe ikabaki kubuni chipu tu. Wengi waliona ni dalili ya kufa. Mwaka 2015 mauzo yake yalikuwa takriban dola bilioni 4 dhidi ya dola bilioni 55 za Intel, na hisa ilikuwa tena chini ya dola 2.

Chini ya Lisa Su, aliyeshika uongozi Oktoba 2014, AMD ilielekeza nguvu kwenye muundo mpya wa chipu, na mwaka 2017 ikatoa Ryzen. Baadaye chipu zake bora zikaanza kutengenezwa na TSMC ya Taiwan, ambayo viwanda vyake vilikuwa vimetangulia. Intel, iliyojivunia kuwa na viwanda vyake yenyewe, ilikwama kwa miaka kadhaa katika kuhamia teknolojia mpya, na haikuwa na pa kukimbilia. Mali iliyokuwa ngao ikawa mzigo.

Mwisho wa mwaka 2021 hisa ya AMD ilifika zaidi ya dola 140. Dola 1,000 za mwaka 2015 zilikuwa zimegeuka zaidi ya dola 70,000. Mwaka 2022 thamani ya AMD yote sokoni iliipita ya Intel.

Hesabu hii inavutia, lakini isitupumbaze. Mwaka 2015 hapakuwa na aliyepiga ngoma kutangaza kuwa kampuni yenye madeni na hasara itafufuka. Kampuni nyingi zilizofika pale zilizikwa na hazikuamka.

Faida iliongezeka, hisa ikashuka

Somo kubwa zaidi liko kwa Intel yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyoonekana salama. Agosti 2000 hisa yake ilifika karibu dola 75, na kampuni nzima ikathaminiwa takriban dola bilioni 500. Mwaka huo ilipata faida ya dola bilioni 10.5. Mwaka 2021 ilipata faida ya karibu dola bilioni 20, yaani karibu mara mbili. Lakini mwisho wa mwaka huo hisa ilikuwa dola 51 na ushei. Faida imepanda, bei ya hisa imeshuka.

Inawezekanaje? Gawanya dola bilioni 500 kwa faida ya bilioni 10.5, utapata karibu 48. Aliyenunua Agosti 2000 alilipia faida ya miaka 48 kwa mkupuo. Ni sawa na mtu kununua kwa shilingi milioni 10 shamba linaloleta faida ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Shamba linaweza kuwa zuri, udongo mweusi, mto karibu. Bei ndiyo mbovu.

Kisha zikaja siku mbaya. Agosti 2024 Intel ilitangaza kupunguza wafanyakazi zaidi ya 15,000 na kusitisha gawio ililokuwa ikilipa tangu mwaka 1992. Kesho yake hisa ilianguka kwa asilimia 26. Mwaka huo ulifungwa kwa hasara ya dola bilioni 18.8, na hisa ikawa takriban dola 20. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilikubali kuchukua karibu asilimia 10 ya kampuni hiyo, na kabla ya mwaka kwisha hisa ikawa imepanda tena kwa zaidi ya nusu. Walioiuza kwa hofu mwishoni mwa 2024 walibaki kuangalia.

Adui aliyepita pembeni

Wakati macho yote yalikuwa kwa fahali wawili, ng'ombe wengine walikuwa wakila majani. Simu zilipogeuka kompyuta za mkononi, Intel ilichelewa. Januari 2013 ilijaribu bahati yake hapa Afrika Mashariki, ilipozindua simu ya Yolo nchini Kenya kupitia Safaricom kwa shilingi za Kenya 10,999. Haikutamba. Mwaka 2016 Intel ilifuta mipango ya chipu zake za simu. Simu nyingi ambazo mkulima anatumia leo kutuma fedha au kuulizia bei ya mazao zina chipu zilizobuniwa kwa mfumo wa Arm na kuuzwa na kampuni kama MediaTek na Qualcomm.

Vilevile Nvidia, kampuni iliyoanza mwaka 1993 ikijulikana kwa chipu za michezo ya kompyuta, ndiyo iliyovuna mavuno makubwa ya akili bandia. Novemba 2024 ilichukua nafasi ya Intel katika Dow Jones, orodha ya kampuni 30 zinazotumika kupima mwenendo wa soko la hisa la Marekani. Aliyekesha akijiuliza kama ashike Intel au AMD huenda alikuwa akijiuliza swali lisilo lake.

Tujifunze nini?

Kwanza, tutofautishe kampuni nzuri na bei nzuri. Kabla ya kununua hisa, gawanya bei yake kwa faida ya mwaka kwa kila hisa, ujue unalipia miaka mingapi. Hesabu hiyo inafaa pia kwa shamba, bodaboda au mashine ya kusaga.

Pili, tuulize deni. Ushindani ukipamba moto, mwenye deni dogo husubiri msimu ujao. Mwenye deni kubwa husubiri dalali wa mahakama.

Tatu, tusiangalie mshindani tunayemjua tu. Tujiulize pia ni nani anayeweza kumchukua mteja wetu kwa kumpa kitu tofauti kabisa.

Nne, tusiweke mayai yote kwenye kapu moja, na tusinunue hisa kwa ada ya watoto wala kwa fedha ya mbolea. Hisa inaweza kuhitaji miaka kumi ili ipone, na mahindi hayasubiri mbolea miaka kumi.

Mnunuzi wa kompyuta ana raha: fahali wakipigana, yeye anachagua ya bei nafuu na kwenda zake. Mwekezaji hana raha hiyo. Yeye ni sehemu ya fahali, na kila pembe inayopigwa inamfikia. Kwa hiyo asiulize tu nani ana nguvu leo. Aulize anauziwa nguvu hiyo kwa bei gani, na kama bado atakuwa na chakula nyumbani siku itakapoisha.