Wimbo Mmoja, Sauti Tatu

Katika nyimbo nyingi za Waluhya, na hizo za Matete, upande wa kaskazini wa Kakamega, zikiwamo, kiongozi hutoa wimbo na waitikiaji humjibu. Pengine waitikiaji huingia kabla kiongozi hajamaliza neno lake la mwisho, na kwa muda mfupi nyimbo mbili husikika pamoja bila kugombana.

Huko Ulaya jambo hilo lilikuzwa hata likawa elimu kamili. Kuziunganisha nyimbo mbili au zaidi, kila moja ikishika njia yake, huitwa kaunterpointi, neno la asili ya Kilatini lenye maana ya nukta dhidi ya nukta. Namna yake iliyo nyepesi kueleza ni kanoni, yaani sheria kwa Kiyunani: sauti moja hutangulia, nayo nyingine huifuata kwa wimbo ule ule, kama watu wapitao njia moja mmoja nyuma ya mwenziwe. Uingereza walikuwa na wimbo wa namna hiyo tangu karne ya 13. Na Thomas Tallis, aliyefariki mwaka 1585, alitunga kanoni ambayo makanisa huiimba hata leo.

Tuseme wimbo una mistari mitatu ya urefu sawa. Kundi la kwanza lifikapo mstari wa pili, kundi la pili laanza wa kwanza. Lifikapo wa tatu, kundi la tatu nalo laanza. Hapo mistari yote mitatu husikika kwa wakati mmoja. Basi si kila wimbo ufaao. Mtungaji hana budi kuipatanisha mistari yake tangu mwanzo.

Je, kuna faida gani kwetu? Katika lugha za Waluhya, kama Kitachoni na Kikabras, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Kwaya iimbapo kwa sauti nne, soprano huweza kufuata matamshi, lakini alto, tena na besi hupewa njia nyingine, na maneno yaweza kupotoka. Katika kanoni makundi yote huimba wimbo mmoja. Ukitungwa kwa kufuata matamshi, hakuna kundi litakalolipotosha neno. Tena mwalimu asiye na kinanda wala vitabu hufundisha wimbo mmoja tu, akapata sauti tatu.

Ila maneno yakipandana, msikilizaji hushindwa kuyashika. Kwa hiyo kwaya yote na iimbe kwanza pamoja, ndipo igawanyike. Wala kundi lo lote lisikimbie kwa kutaka kushinda, maana uzuri wa kanoni ni kila mwimbaji kushika njia yake huku akimsikiliza jirani yake.