Mkienda pikiniki, wazazi nao wacheze

Likizo za shule zinapofika, hasa ile ya Desemba, familia nyingi za Meru na Embu hutafuta siku moja ya kutoka nje kujiburudisha. Watu wa Embu huelekea maporomoko ya Ndunda au msitu wa Njukiri, na wengine hushuka hadi Hifadhi ya Mwea karibu na bwawa la Kamburu. Wale wa Meru huenda Ziwa Nkunga na msitu wa Imenti, na wenye gari na muda hufika hata Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Hii ni desturi nzuri na mimi kama daktari naiunga mkono.

Linalonitia wasiwasi ni yale yanayofuata baada ya gari kuegeshwa. Leso hutandikwa, nyama hutiwa motoni na soda hufunguliwa. Akina baba huketi upande mmoja wakizungumza siasa na kandanda, akina mama hushughulika na vyakula, nao vijana huinamia simu zao. Watoto wadogo hukimbizana peke yao kwa muda, kisha nao huja kuomba simu. Jioni familia hurudi nyumbani ikiwa imeketi mchana kutwa na kula mara tatu.

Katika makala haya ningependa kueleza jinsi siku hiyo inavyoweza kuwa dawa kwa familia nzima, kuanzia mtoto wa miaka mitatu hadi nyanya wa miaka sabini, bila kununua kifaa chochote cha michezo.

Kwa nini wazazi?

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Watu wazima wanahitaji angalau dakika 150 kwa wiki. Zamani watoto wa sehemu hizi walizipata dakika hizo bila kujua, kwa kupanda na kushuka vilima wakienda shuleni na mtoni. Siku hizi wengi, hasa wa mijini, hubebwa na basi la shule au bodaboda hadi langoni.

Kuhusu watu wazima, utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu, na asilimia 27 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo maishani mwao.

Mkulima anayechuma majani chai tangu alfajiri ataniuliza, "Daktari, mimi mazoezi ya nini?" Huyo ana haki, kwa kuwa shamba limemtosha. Lakini mwalimu, karani, mwenye duka, dereva wa matatu na hata mwendeshaji bodaboda hushinda wameketi. Hao ndio ninaowaona kliniki wakiwa na miaka arobaini na kitu, tumbo limetangulia, na wakipanda ngazi za ghorofa moja hutweta.

Isitoshe, mtoto huiga analoliona kuliko analoambiwa. Baba anayempigia mwanawe kelele, "Nenda ucheze!" huku yeye mwenyewe ameketi kitini, anamfundisha kwamba kucheza ni kazi ya watoto na kwamba ukubwa ni kuketi. Mtoto huyo naye akifika kidato cha kwanza ataacha kucheza ili aonekane mkubwa. Mzazi akiingia uwanjani, somo hubadilika.

Michezo inayofaa

Mchezo mzuri wa familia una sifa mbili. Kwanza, unampa mdogo nafasi ya kumshinda mkubwa. Pili, hautoi watu nje mapema, kwa maana anayetolewa kwanza mara nyingi ndiye mzito na mchovu, yaani yule anayehitaji mazoezi zaidi. Kwa hiyo badilisheni kanuni kidogo: badala ya mtu kutoka kabisa, azunguke mti mara moja kwa kutembea kisha arudi mchezoni.

Kati. Mchezo huu unajulikana na karibu kila mtu aliyelelewa Kenya, na jirani zetu wa Tanzania huuita rede. Watu wawili husimama ncha mbili, hatua kumi na tano hivi kati yao, na wengine wote hukaa katikati. Wa pembeni hurusha mpira wakijaribu kuwapiga wa katikati, nao hukwepa. Wengi wetu tulitengeneza mpira huo kwa mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017. Chukueni soksi kuukuu, mjaze matambara na kuifunga kwa kamba. Mpira huo ni mwepesi na haumuumizi mtu.

Kwa upande wa afya, kati ni mazoezi kamili. Mchezaji hukimbia kidogo, huruka, huinama, hujipinda na kupumzika kidogo, kisha huanza tena. Jambo la kufurahisha ni kwamba baba mwenye mwili mkubwa hupigwa kwa urahisi kuliko mtoto wa miaka minane. Mtoto atalizungumzia hilo mwezi mzima!

Nyama. Mwongozaji hutaja majina ya wanyama mmoja baada ya mwingine. Akitaja anayeliwa, kama vile mbuzi, wote huruka juu. Akitaja asiyeliwa, kama vile fisi, wote hutulia. Anayekosea huzunguka mti. Mchezo huu unafaa watoto wadogo, na nyanya au babu anaweza kuuongoza akiwa ameketi kivulini. Mzee naye hapaswi kuachiwa kazi ya kulinda mikoba tu.

Mbio za kupokezana. Gaweni watu katika makundi mawili, kila kundi liwe na mtoto, kijana, mzazi na mzee. Badala ya kijiti, tumieni gunzi la mahindi. Kijana akimbie masafa marefu, mtoto mafupi, na mzee atembee hatua kumi tu. Kila mmoja atahesabika.

Kubomoa mikebe. Pangeni mikebe mitupu isiyo na makali, mmoja juu ya mwingine. Kundi moja huibomoa kwa mpira wa matambara na kukimbilia kuipanga upya, huku kundi la pili likijaribu kuwapiga kwa mpira huo. Kuinama na kuinuka huko huimarisha mapaja na kiuno.

Kuvuta kamba. Huu hupendwa sana na vijana, lakini una hatari zake. Mtu asijifunge kamba kiunoni wala kuizungusha mkononi, kwa maana vidole vimewahi kukatika kwa njia hiyo. Watu wasiiachilie kamba ghafla ili wenzao waanguke. Mwenye ngiri, mwenye maumivu ya mgongo, mama mjamzito na mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa wasivute, wawe waamuzi.

Kujificha. Watoto wetu huuita brikicho. Wekeni mipaka inayoonekana kabla ya kuanza, hasa mkiwa karibu na msitu, na mtu mzima mmoja awe miongoni mwa wanaojificha.

Chezeni kabla ya kula

Watu wengi hula kwanza, wakishashiba ndipo hufikiria mchezo, na wakati huo hakuna anayetaka kuinuka. Anayelazimisha kukimbia tumbo likiwa limejaa huumwa na kichomi au hutapika. Mpango bora ni huu: mkifika, tembeeni mkiangalia mahali kwa dakika kumi ili misuli ipate joto. Anzeni na michezo ya polepole, kisha kati na mbio, kwa jumla ya dakika arobaini hadi saa moja, mkipumzika na kunywa maji katikati. Baada ya hapo mle. Mkimaliza kula, msilale. Tembeeni polepole robo saa. Kutembea baada ya chakula husaidia kupunguza sukari inayopanda katika damu.

Maji ndiyo kinywaji cha mchezo. Soda ya nusu lita huweza kuwa na zaidi ya vijiko kumi vya chai vya sukari. Kadhalika, watoto wasikimbie wakitafuna karanga au makadamia, maana mbegu huweza kuingia katika njia ya hewa na kumsakama mtoto.

Mtajuaje kwamba mchezo umetosha? Zungumzeni. Mchezaji anayeweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba yuko sawa kabisa. Asiyeweza kutamka maneno matatu bila kutweta apumzike. Na ikiwa hali hiyo humpata kila anapovuka uwanja kwa kutembea tu, hiyo si dalili ya uzee. Wiki inayofuata aende kituo cha afya akapimwe shinikizo la damu, sukari na damu yenyewe.

Miraa na muguka

Hapa sina budi kusema wazi, kwa kuwa tunaishi katika nchi ya miraa na muguka. Majani haya yana kemikali, mojawapo ikiitwa kathinoni, zinazoongeza mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu. Mtafunaji hujiona ana nguvu nyingi na hasikii uchovu. Mwanamume wa miaka 45 ambaye hajakimbia tangu amalize shule, akiwa ametafuna tangu asubuhi, kisha akaingia mbio na vijana, anauongezea moyo mzigo mara mbili kwa wakati mmoja. Nawasihi akina baba: siku ya mchezo, msitafune. Vivyo hivyo kuhusu pombe.

Yeyote anayesikia maumivu au uzito kifuani wakati wa mchezo, hasa yakienea begani, mkononi au shingoni, au akitokwa na jasho baridi, aache mara moja na apelekwe hospitali. Msisubiri nyama iive.

Wenye maradhi

Ugonjwa haumzuii mtu kucheza, ila unamtaka ajiandae. Mwenye pumu abebe inhela yake na aanze taratibu. Kama daktari wake amemwagiza, aivute dakika kumi na tano kabla ya mchezo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge abebe peremende au glukosi, kwa sababu sukari huweza kushuka ghafla. Akianza kutetemeka, kutokwa na jasho na kuchanganyikiwa, apewe kitu kitamu haraka. Hapo soda ina kazi yake!

Tuko karibu kabisa na ikweta, na miji ya Meru na Embu iko juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Jua letu lina ukali hata hewa ikiwa baridi na mawingu yametanda. Chagueni uwanja wenye kivuli, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na watoto wavae kofia. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na nguo za mikono mirefu, apakwe mafuta ya kuzuia jua na achezee kivulini, lakini acheze.

Mahali pa kuchezea

Kagueni uwanja kwanza na muondoe mawe, vipande vya chupa na matawi ya miiba. Vaeni raba, viatu vya kanisani viacheni garini. Mkiwa Imenti, waulizeni walinzi wa msitu kuhusu ndovu. Katika mbuga na hifadhi, shukeni garini pale tu panaporuhusiwa.

Msicheze karibu na maji. Mito kama Rupingazi, Thuci na Kathita hubadilika ghafla mvua inaponyesha mlimani, hata kama mlipo nyinyi kuna jua. Kamburu kuna viboko na mamba. Na katika mifereji ya mpunga ya Mwea, jirani na Embu, kuna konokono wanaoeneza kichocho. Watoto wasiogelee humo.

Mtu akiteguka kifundo cha mguu, apumzike, mguu uinuliwe na kukandwa kwa kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 hadi 20. Msimkande kwa maji moto wala kumchua siku hiyo. Asipoweza kukanyaga hatua nne, apigwe picha ya eksirei. Mtoto aliyegonga kichwa akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida au akipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, mpelekeni hospitali bila kungoja.

Siku moja ya pikiniki haitatibu shinikizo la damu wala kuondoa kitambi. Faida yake ni kwamba familia iliyocheza pamoja mara moja hupata hamu ya kucheza tena. Mpira ule wa soksi msiutupe. Jumamosi inayofuata, jioni jua likipungua, utoeni mcheze kati nyuma ya nyumba kwa nusu saa. Mkifanya hivyo kila wiki, tena mkatembea kidogo siku nyingine, ile hesabu ya dakika 150 haitakuwa mbali.