Mtoto Mchanga Anapotapika Kijani: Kuutambua na Kuutibu Utumbo Ulioziba

Mtoto amezaliwa salama katika zahanati, amelia vizuri na uzito wake unaridhisha. Mama ameruhusiwa kurudi nyumbani. Usiku wa pili mtoto anaanza kukataa ziwa, anatapika majimaji ya kijani, na tangu azaliwe hajapata choo. Bibi anasema ni mchango, jirani anashauri apewe maji ya uvuguvugu, baba anaona heri kungoja kupambazuke. Kila mmoja wao anamtakia mtoto mema. Hata hivyo, dalili hizo ni za utumbo ulioziba, na kwa mtoto wa siku mbili saa zinazopotea kabla ya mapambazuko zinaweza kuwa ndizo ambazo zingemwokoa.

Mfano huu unaweza kutokea katika kaya yoyote. Kuziba kwa utumbo hakuwapati watoto wengi, lakini ni miongoni mwa sababu kubwa za upasuaji wa dharura kwa watoto wachanga. Hakuna dawa ya kunywa inayoweza kuondoa tatizo hili. Likitambuliwa mapema, na mtoto akamfikia daktari bingwa akiwa bado na nguvu, watoto wengi hupona na kukua kama wenzao.

UTUMBO HUZIBAJE

Utumbo mwembamba wa mtoto aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi una urefu wa zaidi ya mita 2. Kinachomezwa husukumwa kupitia humo hadi kwenye utumbo mpana, kisha njia ya haja kubwa. Kikitokea kizuizi popote, maziwa, mate, hewa na nyongo hujikusanya juu yake. Utumbo huvimba, mtoto hutapika, na mwili wake hupoteza maji na chumvi kwa kasi. Sababu zinazoonekana zaidi ni nne.

Sababu ya kwanza ni sehemu ya utumbo kufungika au kukatika tangu tumboni mwa mama. Kwa miaka mingi chanzo chake hakikueleweka vizuri. Mwaka 1955 madaktari J. H. Louw na Christiaan Barnard wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba kipande cha utumbo kikikosa damu kabla ya kuzaliwa, hunyauka na kuacha ncha mbili zilizofungika. Barnard ndiye aliyekuja kujulikana duniani mwaka 1967 kwa kupandikiza moyo wa binadamu. Kazi yao iliwafundisha madaktari wa upasuaji kuondoa ncha iliyovimba kabla ya kuunganisha utumbo, na tangu hapo watoto wengi zaidi wakapona. Utumbo unaweza kufungika pia mwanzoni kabisa, karibu na tumbo la chakula. Watoto wengi wenye tatizo hilo la mwanzoni huwa pia na hali ya kuzaliwa iitwayo Down, hivyo huchunguzwa pia moyo.

Sababu ya pili ni utumbo kujisokota. Kati ya wiki ya 6 na ya 10 ya ujauzito, utumbo wa kijusi hutoka nje ya tumbo kupitia kwenye kitovu, hurefuka, kisha hurudi ndani ukizunguka na kujishikiza mahali pake. Usipojishikiza vyema, unaweza kujinyonga wakati wowote kama kamba iliyosokotwa na kukata njia ya damu. Mtoto wa namna hii huweza kunyonya na kupata choo vizuri kwa siku kadhaa, kisha ghafla akatapika kijani. Utumbo unaokosa damu huweza kufa ndani ya saa chache. Ndiyo maana hii ndiyo hali ya hatari kuliko zote.

Sababu ya tatu ni ugonjwa wa Hirschsprung, uliopewa jina la daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hukosa seli za neva zinazouongoza kusukuma choo. Njia iko wazi, lakini kipande hicho hubaki kimebana na choo hakipiti. Ugonjwa huu humpata takribani mtoto 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa, na wavulana ni wengi kuliko wasichana.

Sababu ya nne ni mtoto kuzaliwa bila njia ya haja kubwa, au njia hiyo kufunguka mahali pasipo pake. Hali hii nayo humpata takribani mtoto 1 kati ya 5,000. Inaweza kuonekana kwa macho dakika chache baada ya kuzaliwa, mradi tu mtoto akaguliwe.

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili kubwa kuliko zote ni matapishi ya kijani. Nyongo huingia katika mwanzo wa utumbo mwembamba. Kizuizi kikiwa chini ya hapo, nyongo hukosa pa kwenda na kurudi juu pamoja na maziwa. Mtoto anayecheua maziwa meupe baada ya kunyonya si mgonjwa kwa sababu hiyo pekee, na maziwa ya mwanzo ya mama huwa ya njano kwa asili yake. Bali rangi ya kijani, mfano wa majani mabichi, huhesabiwa kuwa dharura ya upasuaji mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo. Mzazi asiye na uhakika wa rangi aende na kitambaa kilichochafuka, ili mtoa huduma akione mwenyewe.

Dalili ya pili ni kuchelewa kwa choo cha kwanza. Choo hicho huwa cheusi na chenye kunata. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 waliotimiza miezi hukipata ndani ya saa 24 za kwanza, na asiyekipata ndani ya saa 48 ni lazima achunguzwe. Hata hivyo, kupata choo hakumaanishi kwamba utumbo uko salama. Kizuizi kikiwa juu, choo kilichokuwa chini yake huweza kutoka kama kawaida huku mtoto akiendelea kutapika.

Dalili ya tatu ni tumbo kujaa, kukaza na kung'aa, wakati mwingine mishipa ikionekana juu ya ngozi. Dalili hii hutokea zaidi kizuizi kikiwa chini; kikiwa juu, tumbo huweza kubaki bapa, na kutapika huanza katika saa za mwanzo. Choo chenye damu, mtoto kulegea, kukataa ziwa na kukojoa kidogo ni ishara kwamba hali imekwisha kuwa mbaya. Vilevile uvimbe mgumu wa kinena usiorudi ndani unaweza kuwa ngiri iliyobana utumbo, nao hausubiri.

MAMBO YANAYOCHELEWESHA MATIBABU

Katika kaya nyingi, tumbo la mtoto mchanga likisumbua hutajwa mchango. Hupewa dawa za mitishamba, maji ya dukani ya kutuliza tumbo, au huingizwa kipande cha sabuni katika njia ya haja kubwa. Mtoto mwenye utumbo ulioziba hanufaiki na lolote kati ya hayo. Kila anachomezeshwa hujikusanya juu ya kizuizi, huongeza uvimbe, na huweza kuingia katika mapafu anapotapika. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji kitu kingine kinywani zaidi ya maziwa ya mama na dawa alizoandikiwa na mtaalamu wa afya.

Ucheleweshaji mwingine hutokana na lawama. Mama huulizwa alikula nini au alimkosea nani. Kama ilivyoelezwa, hitilafu hizi hutokea wakati viungo vya kijusi vinaumbika au damu inapokosa kufika katika kipande cha utumbo. Hazitokani na chakula alichokula mama, wala ugomvi, wala mkono wa mtu. Familia inayofahamu hivyo hupata nafasi ya kushughulikia safari ya hospitali.

HUDUMA KATIKA ZAHANATI NA KITUO CHA AFYA

Kazi ya kwanza ya mtoa huduma ni ukaguzi. Kila mtoto anayezaliwa hutakiwa kuangaliwa toka utosini hadi unyayoni, pamoja na kuhakikisha kwamba njia ya haja kubwa ipo na iko mahali pake. Kwa watoto wa kike uangalifu uwe mkubwa zaidi, kwani choo huweza kutoka kupitia tundu dogo karibu na uke, na watu wakadhani hakuna tatizo. Mama na mtoto wakikaa kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, kama inavyoshauriwa, choo cha kwanza nacho huweza kushuhudiwa na kuandikwa.

Dalili zikionekana, mtoto husimamishwa kunyonya kwa muda. Mrija mwembamba hupitishwa kinywani au puani hadi tumboni, na huachwa wazi ili uondoe majimaji na hewa. Hatua hiyo ndogo hupunguza uvimbe na kuzuia matapishi yasiingie katika mapafu. Mtoto huwekewa dripu yenye sukari na chumvi, hupewa vitamini K ikiwa hakuipata alipozaliwa, na huanzishiwa dawa za kuua bakteria. Joto lake hutakiwa kubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Hatua hizi haziondoi kizuizi, bali humfikisha mtoto kwa daktari wa upasuaji akiwa na uwezo wa kustahimili dawa ya usingizi.

SAFARI YA RUFAA

Upasuaji wa utumbo wa mtoto mchanga huhitaji daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, mtaalamu wa usingizi aliyezoea miili midogo, na wauguzi wa watoto wachanga. Wataalamu hao wanapatikana katika hospitali kubwa, zikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Hospitali ya wilaya hupiga picha ya eksirei ya tumbo inapowezekana, huwasiliana na hospitali inayopokea, kisha humsafirisha mtoto. Picha au kipimo kisichopatikana kisiwe sababu ya kuahirisha safari ya mtoto anayetapika kijani.

Kwa Tanzania Bara, usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga huratibiwa kupitia mfumo wa M-mama, kwa kupiga namba 115 bila malipo. Njiani mtoto abebwe ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama au ndugu, akiwa amevikwa kofia na kufunikwa. Mrija ubaki wazi. Na barua ya rufaa ieleze saa alipozaliwa, saa alipotapika mara ya kwanza, rangi ya matapishi na dawa alizokwisha kupewa.

Kuhusu gharama, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawaweka watoto walio chini ya umri wa miaka mitano katika makundi yanayosamehewa malipo katika vituo vya umma. Familia inayokwama ikifika hospitali imwone afisa ustawi wa jamii. Haifai mtoto abaki nyumbani kwa hofu ya malipo ambayo haijaulizwa.

UPASUAJI NA BAADA YAKE

Aina ya upasuaji hufuata chanzo. Utumbo uliofungika hukatwa ncha na kuunganishwa. Utumbo uliojisokota hufunguliwa, na hupangwa upya ili usijinyonge tena. Kwa ugonjwa wa Hirschsprung, kinyama kidogo hupimwa kwanza maabara. Kisha kipande kisicho na seli za neva huondolewa, na sehemu yenye afya hushushwa hadi njia ya haja kubwa. Mtoto asiye na njia hiyo hutengenezewa.

Mara nyingi madaktari huanza kwa kutoa sehemu ya utumbo juu ya ngozi ya tumbo, ili choo kipite hapo kwa muda wa miezi kadhaa mpaka mtoto akue na upasuaji mkubwa ufanyike. Wazazi wengi hushtuka wanapoliona tundu hilo. Yafaa ijulikane kwamba kwa wengi ni la muda, na kwamba mtoto mwenye tundu hilo hunyonya, huogeshwa, hubebwa mgongoni na hupelekwa kliniki ya chanjo kama mwingine yeyote. Mahali ambapo mifuko maalumu haipatikani, kitambaa laini na safi hutumika, na ngozi hupakwa mafuta mazito ili isichubuke. Utumbo unaoonekana huwa na rangi nyekundu au waridi. Ukigeuka mweusi, ukichomoza kupita kiasi au ukiacha kutoa choo, mtoto arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mama huendelea kukamua maziwa katika siku ambazo mtoto hawezi kunyonya, ili yasikauke. Mtoto aliyetibiwa ugonjwa wa Hirschsprung anaweza, hata baada ya kupona, kupata homa, tumbo kujaa na kuharisha choo chenye harufu kali. Dalili hizo pia ni dharura, na mzazi amweleze mtoa huduma historia ya upasuaji mara tu anapofika.

YA KUKUMBUKA NYUMBANI

Kwa kila mtoto aliyezaliwa, mama na wanaomsaidia wajiulize maswali matatu katika siku mbili za kwanza: Je, njia ya haja kubwa imeonekana? Je, choo cheusi kimetoka? Je, akitapika, rangi ni ipi? Majibu ya maswali haya hayahitaji kifaa chochote, ila mwanga wa taa na macho yanayoangalia. Njia isipoonekana, choo kisipotoka au matapishi yakiwa ya kijani, mtoto asipewe kitu kinywani, afunikwe apate joto, na safari ya kituo cha afya ianze saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.