Vikundi Hatarishi vya Imani: Dalili za Mapema na Mahali pa Kutoa Taarifa

Mwezi Aprili 2023, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Katika miezi iliyofuata, miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini, miongoni mwake ikiwa ya watoto wengi. Walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie ambao, kwa mujibu wa mashtaka, walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie amekana mashtaka hayo.

Uganda nayo ilipatwa na msiba wa namna hiyo miaka 23 kabla. Huko Kanungu, viongozi wa kikundi kilichojiita Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu walitabiri mwisho wa dunia, na wafuasi wakauza mali zao. Mwaka 2000 ulipoingia na dunia ikiwa bado ipo, baadhi yao walianza kuhoji. Tarehe 17 Machi mwaka huo, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada lililokuwa limefungwa. Baadaye polisi walikuta miili mingine imefukiwa katika makazi ya kikundi hicho.

Hatari huanza mapema

Maafa hayo hayakuzuka ghafla. Mackenzie alikwisha kukamatwa mwaka 2017 kwa tuhuma za kuwazuia watoto wasiende shule. Alihubiri pia dhidi ya hospitali. Kanisa lake lilipofungwa, wafuasi walihamia msituni, mbali na majirani na ndugu.

Hatua hizo ndizo dalili za kuangaliwa: watoto kuachishwa shule, wagonjwa na wajawazito kukatazwa zahanati, waumini kutakiwa kuuza shamba, mifugo au mtumbwi na kukabidhi fedha kwa kiongozi, ndugu kuzuiwa kuonana na jamaa zao, mifungo isiyo na kikomo, na watu kuhamishiwa mahali pa siri. Katika mialo, visiwa na kambi za uvuvi, ambako wageni huja na kuondoka kila msimu, dalili hizo zinaweza kupita bila kuonekana. Kwa sababu hiyo, wenyeji wanakumbushwa kuhakikisha wageni wanaandikishwa katika daftari la wakazi kwa mtendaji wa kijiji au mtaa.

Kanda ya Ziwa inajua gharama ya kunyamaza. Ramli chonganishi zimesababisha kuuawa kwa vikongwe kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi hutokana na moshi wa kuni jikoni. Watu wenye ualbino nao wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Januari 2015, Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mganga halali ni yule aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mwananchi anaweza kuulizia usajili huo kwa mratibu wa tiba asili wa Halmashauri.

Sheria inasemaje

Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Hakuna anayepaswa kusumbuliwa kwa sababu dhehebu lake ni dogo, jipya au geni. Hata hivyo, uhuru huo hauondoi wajibu wa mzazi, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, wa kumpatia mtoto chakula, matibabu na elimu. Sheria hiyo pia inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wa eneo lake. Taasisi za dini, kwa upande wao, husajiliwa na Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Mahali pa kutoa taarifa

Taarifa hupokelewa na mwenyekiti wa kijiji, kitongoji au mtaa, mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii. Kwa ukatili dhidi ya mtoto au mwanamke, Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo. Maisha yakiwa hatarini, polisi waitwe mara moja kwa namba 112.

Mtoa taarifa hatakiwi kuwa na ushahidi kamili. Kuchunguza ni kazi ya vyombo husika. Wala asijichukulie sheria mkononi kwa kuvamia nyumba ya ibada au kumpiga mshukiwa. Akiona mtoto wa jirani hafiki tena shuleni na mlango wa nyumba yao haufunguliwi kwa ndugu, hilo linatosha kumfikisha kwa mtendaji siku hiyo hiyo.