Sanamu za Umma: Jinsi ya Kuzitazama, na Kwa Nini Zinamhusu Mkazi wa Wang'uru

Mkazi wa Wang'uru akisafiri kwenda Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 100, kuna uwezekano mkubwa kwamba atapita karibu na sanamu ya Dedan Kimathi. Iko katikati ya jiji, pale Barabara ya Kimathi inapokutana na Barabara ya Mama Ngina. Watu wengi huitumia kama alama ya kukutania: "Nisubiri pale kwa Kimathi." Wachache husimama wakainua macho.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitazama sanamu ya umma na kuielewa. Mwishoni yanarudi nyumbani Mwea, mahali penye historia ambayo wananchi wana haki ya kuamua itakumbukwaje.

Maswali manne ya kujiuliza

Sanamu ya umma hupamba mji, lakini hiyo si kazi yake pekee. Kila sanamu iliwekwa na watu fulani, kwa pesa za mtu fulani, ili jambo fulani lisisahaulike. Anayeitazama anaweza kuanza na maswali manne:

1. Ni nani anayekumbukwa hapa?
2. Nani aliiweka, na mwaka gani?
3. Anayeonyeshwa anafanya nini, amevaa nini, ameshika nini?
4. Nani angestahili kuwa hapa lakini hayupo?

Hakuna haja ya kuwa na elimu ya sanaa ili kuyajibu. Mifano ifuatayo inaonyesha jinsi yanavyosaidia.

Kimathi: shujaa aliyesubiri miaka 50

Sanamu ya Kimathi ilichongwa na msanii Mkenya, Kevin Oduor, na kuzinduliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 18 Februari 2007. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, kwa hiyo uzinduzi ulitimiza miaka 50 kamili. Sanamu inamwonyesha akiwa katika mavazi ya kivita, bunduki katika mkono wa kulia na jambia katika mkono wa kushoto.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, lakini marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria hadi mwaka 2003. Kwa miaka 40 ya kwanza ya uhuru, kundi ambalo Kimathi aliliongoza lilikuwa bado haramu katika vitabu vya sheria. Mwaka ulioandikwa kwenye sanamu, basi, humweleza mtazamaji pia habari za serikali na watu wa wakati huo.

Sanamu hiyo ni ya shaba nyeusi. Kwa kawaida kazi ya aina hii huanza kwa umbo la udongo, ambalo msanii hulifinyanga hadi aridhike na kila kunyanzi la uso. Kisha hutengenezwa kalibu kutokana na umbo hilo, na ndani yake hupakwa nta. Nta hiyo huzungushiwa kalibu nyingine inayostahimili moto, halafu huyeyushwa itoke, na shaba iliyoyeyuka humiminwa katika nafasi iliyoachwa. Sanamu kubwa humiminwa vipande vipande, kisha huunganishwa na kusuguliwa. Ndiyo sababu kazi kama hii huchukua miezi mingi na hugharimu pesa nyingi, na kipande kimoja kikivunjwa au kuibwa, si rahisi kukirudisha kilivyokuwa.

Wachukuzi wasio na majina

Mwendo mfupi kutoka kwa Kimathi, kando ya Barabara ya Kenyatta, wako wanaume watatu wa shaba waliosimama pamoja tangu mwaka 1928. Wanawakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumikia upande wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yaliyo chini yao ni ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza.

Mtazamaji akiwaangalia vizuri ataona kwamba si wote walio askari. Mmoja wao ni mchukuzi. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa kubeba risasi, chakula na vifaa vya jeshi, na wengi walikufa kwa magonjwa, njaa na uchovu. Jina la kikosi chao limebaki midomoni mwa watu hadi leo: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Hata hivyo, mnara huo hautaji jina la mchukuzi hata mmoja. Swali la nne, la nani hayupo, lina uzito hapa.

Nyuso zilizogeuzwa

Katika bustani ya Uhuru kuna mnara wa kuwakumbuka walioteswa wakati wa ukoloni, uliozinduliwa tarehe 12 Septemba 2015. Chanzo chake ni kesi iliyowasilishwa London na wazee waliokuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake, ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228, na ikaahidi kugharamia mnara wa kumbukumbu.

Mnara huo unaonyesha watu wawili, mpiganaji wa msituni na mwanamke anayempelekea chakula. Hawatazamani. Msanii aliwageuza nyuso makusudi, kwa kuwa asiyeuona uso wa mwenzake hawezi kumtaja akikamatwa na kuteswa. Anayepita haraka huona watu wawili wanaopeana chakula. Anayesimama kwa dakika tano huona hofu waliyoishi nayo, na huona pia kwamba vita hivyo vilipiganwa na wanawake waliokuwa vijijini.

Sanamu pia huondolewa

Sanamu haikai milele kwa kuwa tu ni ya chuma au jiwe. Barabara ya Kenyatta iliitwa jina la Delamere wakati wa ukoloni, na sanamu ya mlowezi huyo ilisimama hapo. Uhuru ulipofika, barabara ilibadilishwa jina na sanamu ikapelekwa katika shamba la Soysambu, karibu na Gilgil. Dar es Salaam nayo ilikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Iliondolewa Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, na mahali pake iko sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927.

Wenye mamlaka ndio walioamua mambo hayo siku hizo. Leo Katiba ya Kenya inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na shughuli za utamaduni zimo miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Mwananchi ana sauti katika uamuzi huo.

Mnara wa Mwea ni mifereji

Mradi wa unyunyizaji wa Mwea ulianza mwaka 1954, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto. Wengi wa waliochimba mifereji ya kwanza na kusawazisha mashamba walikuwa wanaume waliozuiliwa kwa kushukiwa kuwa Mau Mau. Miongoni mwa kambi zilizowashikilia ni Thiba, Kandongu na Gathigiriri. Kwa mkazi wa leo hayo ni majina ya mahali anapoishi, anapolima au anaposoma mtoto wake. Katika kambi hizo za Mwea wafungwa walipigwa ili wakiri viapo, na mambo hayo yameelezwa na wanahistoria na wazee wenyewe.

Kwa hiyo maji yanayoingia kwenye majaruba ya pishori yalifunguliwa njia kwa jasho la watu ambao hawakulipwa stahili yao, na wengi wao hawatajwi popote. Waliopitia kambi hizo wakiwa vijana leo ni wazee sana. Kila mwaka unaopita, idadi ya wanaoweza kusema "nilichimba hapa" inapungua.

Tarehe 20 Oktoba 2021 sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika katika uwanja wa Wang'uru. Wageni waliotoka kila pembe ya nchi walikaa katikati ya mashamba yaliyoanzishwa na mashujaa hao.

Mwananchi afanye nini

Kuuliza na kuandika. Familia yenye mzee aliyeishi wakati wa kambi imuulize sasa, irekodi sauti yake kwa simu, na iandike majina ya watu na mahali. Mnara wowote utakaojengwa baadaye utahitaji majina hayo kabla ya kuhitaji saruji.

Kutoa maoni. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hutakiwa kuwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Vikao vya ushirikishwaji wa umma hufanyika katika wadi, na pendekezo la mnara, bustani ya kumbukumbu au hata kibao kando ya mfereji linaweza kutolewa hapo kama yanavyotolewa mapendekezo ya barabara na zahanati. Inafaa pendekezo liseme ni nani atakayekumbukwa, mnara utakaa wapi na nani atautunza.

Kulinda kilichopo. Minara ya kihistoria inalindwa na Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Anayeona mtu aking'oa chuma cha mnara au kibao ili akakiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu aripoti kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.

Kupeleka watoto. Mzazi au mwalimu anayefika Nairobi na watoto awasimamishe mbele ya Kimathi, wachukuzi na mwanamke wa bustani ya Uhuru, awaulize yale maswali manne. Wakirudi Wang'uru, awapeleke kando ya mfereji ulio karibu na nyumbani na kuwauliza maswali hayo hayo.