Mtoto anapotaka kusomea utafiti wa afya: maswali ya kumuuliza kabla ya kutoa ada

Mtoto amemaliza shahada ya kwanza ya afya au baiolojia. Nyumba nzima inasubiri barua ya ajira, naye anasema anataka kurudi chuoni kufanya utafiti. Wadogo zake bado wanasoma, fedha za korosho zimeshapangiwa matumizi, na swali la mzazi linakuja haraka: sasa kazi utaanza lini?

Swali hilo ni la haki kabisa. Lakini kabla ya kusema ndiyo au hapana, ni vizuri kujua kitu anachokiomba. Na wazazi wa Kibiti na Rufiji wana bahati moja: utafiti wa afya si mgeni kwao, umewapigia hodi mlangoni miaka mingi.

Mwaka 1998, Kibiti ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, wadadisi walianza kupita nyumba kwa nyumba. Walirudi kila baada ya miezi minne na kuuliza: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, nani kahamia. Palipotokea msiba, walikaa na wafiwa na kuuliza dalili alizokuwa nazo marehemu, kwa sababu wengi walifia nyumbani na hakuna daktari aliyeandika sababu.

Majibu hayo yalifanya kazi. Kupitia mradi ulioitwa TEHIP, maofisa wa afya wa Rufiji na Morogoro Vijijini walianza kupanga bajeti kwa kuangalia kinachoua watu, si kwa mazoea ya mwaka uliopita. Malaria na magonjwa ya watoto yalipewa uzito. Katika muda wa miaka kama mitano, vifo vya watoto kwenye wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Takwimu hazimtibu mtoto. Dawa, vyandarua na wahudumu waliofundishwa ndivyo vilivyofanya kazi. Lakini takwimu ndizo zilizoonyesha fedha zipelekwe wapi.

Anasomea nini hasa?

Shahada ya utafiti hujengwa juu ya swali moja linalohitaji jibu. Kwa uzamili, mwanafunzi hutumia kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kwa uzamivu, yaani udaktari wa falsafa, ni miaka mitatu au zaidi. Husoma kidogo darasani, huandika andiko la utafiti, huomba kibali, hukusanya taarifa, kisha huandika tasnifu na kuitetea mbele ya wakaguzi.

Maswali ya aina hiyo yamejaa hapa kwetu. Familia inapohamia shambani msimu wa mpunga na kulala kwenye dungu, je, chandarua nacho huhama? Mjamzito wa kisiwani anayeshikwa na uchungu usiku maji yakiwa yamekupwa hufikaje kwa mkunga? Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, watoto walikunywa maji gani?

Zile hesabu za nyumba kwa nyumba zilifanyika kwenye kata za nchi kavu kama Kibiti, Bungu na Ikwiriri. Visiwa vya delta havikuwamo. Kijana aliyekulia Nyamisati au Mbuchi, anayejua saa za maji kujaa na lugha ya wavuvi, anaweza kuuliza mambo ambayo mgeni hata hajui kama yapo.

Maswali manne ya mzazi

La kwanza: swali lako la utafiti ni lipi? Akishindwa kulieleza kwa sentensi mbili ambazo bibi yake anazielewa, bado hajawa tayari. Apewe miezi michache ya kufikiri kabla ya kuomba chuo.

La pili: nani atakusimamia? Msimamizi asiyepatikana anaweza kurefusha masomo kwa miaka. Azungumze na wanafunzi waliosimamiwa naye kabla yake.

La tatu: nani analipa? Ada ni sehemu tu. Kuna nauli za boti na bodaboda, posho za wadadisi, vipimo vya maabara na chakula. Wapo wanaopata nafasi ndani ya mradi wenye fedha, na hiyo ndiyo njia salama zaidi. Msiuze shamba kwa ahadi ya ufadhili ambao haujaandikwa.

La nne: ukimaliza utakwenda wapi? Kazi nyingi za utafiti ni za mkataba, na mradi ukiisha mkataba huisha. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, miradi mingi ya afya Afrika ilisimama. Awe na mpango wa pili: kufundisha, maabara, au halmashauri.

Si lazima aende mbali. Muhimbili, yaani MUHAS, hutoa shahada hizi. Taasisi ya Afya Ifakara na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha zina uzamili wa pamoja wa utafiti wa afya ya jamii. Anayetaka kusoma nje aulize kwanza TCU kama shahada ya chuo hicho inatambulika nchini.

Haki yenu mkipigiwa hodi

Utafiti wa afya unaohusisha watu lazima upate kibali cha maadili. Kibali cha kitaifa hutolewa kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtafiti anatakiwa kueleza anachotafuta, kuomba ridhaa, na kukubali mkikataa. Mnaweza kujitoa hata katikati, na hilo halipaswi kuwanyima huduma ya zahanati.

Mwambieni kijana wenu hivyo hivyo. Akija kuchukua taarifa kijijini, siku moja arudi na majibu, ayasome kwenye mkutano wa kijiji kwa Kiswahili. Tasnifu inayoishia kwenye kabati la chuo haijamlipa mama aliyekaa naye kibarazani akamsimulia habari za msiba wake.