Jean de Dieu Mucyo, Waziri Aliyetafuta Ukweli

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Usemi huo wamfaa kila atakaye kuielewa kazi ya Jean de Dieu Mucyo, mwanasheria aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Rwanda tangu mwaka 1999 hadi 2003.

Mucyo alikabidhiwa wizara hiyo miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Magereza yalikuwa yamefurika mahabusu zaidi ya 100,000, na mahakimu wengi walikuwa wameuawa au wameikimbia nchi. Ilikadiriwa kwamba kwa mwendo wa kawaida kesi hizo zingechukua zaidi ya miaka 100.

Wakati wa uwaziri wake ndipo serikali ilipolifufua baraza la jadi liitwalo Gacaca, ambamo tangu zamani wazee waliketi majanini kusuluhisha ugomvi. Sheria yake ilitoka Januari 2001, na Oktoba mwaka huo wananchi wakachagua waamuzi wapatao 250,000 miongoni mwao. Mabaraza ya kwanza yalifunguliwa Juni 2002. Aliyekiri na kusema kweli alipunguziwa adhabu. Wako waliolaumu kwamba washtakiwa hawakuwa na mawakili. Hata hivyo, hadi yalipofungwa tarehe 18 Juni 2012, mabaraza hayo yalikuwa yameamua kesi zaidi ya 1,900,000.

Baada ya uwaziri, Mucyo alikuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu, kisha akaongoza tume iliyochunguza nafasi ya Ufaransa katika mauaji hayo. Taarifa yake ilitolewa Agosti 2008, na Ufaransa ikaikanusha. Aliiongoza pia Tume ya Taifa ya Kupambana na Mauaji ya Kimbari, na mwaka 2015 akaingia katika Seneti. Tarehe 3 Oktoba 2016 alianguka katika ngazi za Bunge mjini Kigali, akafariki dunia.

Ndugu msomaji, sasa tazama Kabuga, mji mdogo ulio mashariki mwa Kigali, kwenye barabara iendayo Rwamagana. Huko nako Gacaca ilikaa, na watu wakaulizwa waliyoyaona. Lakini mwaka 2018, miaka sita baada ya mabaraza kufungwa, yaligunduliwa mashimo ya maiti, mengine chini ya nyumba za watu. Mabaki ya watu 84,437 yalitolewa katika mashimo 143, yakazikwa kwa heshima huko Nyanza, Kicukiro, tarehe 4 Mei 2019.

Kwa miaka 24 wafiwa walitafuta makaburi ya wapendwa wao, na huenda wengine walipita juu yake kila siku wakienda sokoni. Mucyo hakuishi kuliona jambo hilo. Yeye na wenzake waliufungulia ukweli mlango wa sheria. Kuingia kulimtegemea jirani aliyejua na akanyamaza. Basi mzazi amfundishaye mwanawe kusema kweli, hata inapouma, anaifanya kazi ambayo waziri hawezi kumfanyia.